Biskuti za Kibao, Jikoni kwa Mama Moshi

Shimbonyi, ndugu zangu! Wakubwa, shikamooni. Leo hamnioni kwenye jiko langu la Stuttgart. Nipo Majengo, Moshi, nyumbani kwa mama. Nimekuja Krismasi kama Wachaga wenzangu, na kwenye begi nilikuwa na kitu nilichokifunga kwa khanga tatu kisipate hata mkwaruzo. Hiki hapa.

Tazameni. Ni kibao cha mti wa mpea, mpana kama kiganja. Nasema mpea, si mpera. Mti wake mgumu na nyuzi zimebanana, ndiyo maana fundi ameweza kuchonga mpaka manyoya ya huyu ndege. Halafu kachonga kinyume: penye shimo hapa ndipo patakapoinuka kwenye biskuti. Ukitaka jina lako, linaanzia kulia.

Biskuti zenyewe zinaitwa Springerle, za kusini mwa Ujerumani, za msimu huu wa Krismasi. Mayai 4, sukari ya unga nusu kilo, unga wa ngano nusu kilo, na mbegu za anisi, ambazo harufu yake inakaribiana na bizari tamu. Siagi hakuna, hamira hakuna. Kazi kubwa ya kuumua ni ya mayai, kwa hiyo yapige na sukari mpaka mkono uchoke, yawe meupe na mazito. Tia unga, kanda, sukuma kama chapati ila nene, sentimita 1. Nyunyiza unga, kandamiza kibao, inua. Mmeona? Mama kasema "Ee Yesu", mmemsikia!

Sasa hapa ndipo penye siri. Mara ya kwanza nilizioka siku hiyohiyo. Zikavimba, picha yote ikapotea, nikalia. Jirani yangu, bibi aliyenipa kibao hiki, akaniambia: mwanangu, ziache zilale. Siku nzima, usiku na mchana. Ngozi ya juu ikikauka, moto hauwezi kuivimbisha, basi biskuti inapanda kwa chini na kuota kiguu. Wajerumani nao wanakiita hivyohivyo, kiguu, na wakiikuta biskuti bila kiguu wanajua mpishi aliharakisha.

Hizi nilizipiga kibao jana. Ukigusa, juu ni kavu kama karatasi. Nilizifunika kwa wavu, nzi wasitue. Mlioko Marangu na Kibosho, kwenye ukungu, zipeni muda zaidi.

Mama hana oveni, na wala haihitajiki. Sufuria kubwa, mchanga chini, jiko la mkaa. Kwa keki tunapanga makaa mengi juu ya mfuniko. Hapa weka mawili matatu tu, moto uwe wa taratibu, maana juu panatakiwa pabaki peupe.

Zikitoka ni ngumu. Zitieni kwenye kopo na kipande cha tofaa, wiki mbili tatu, zitalainika. Na kibao msikiloweke, kisugueni kwa brashi kavu.

Sasa jambo lililonikosesha usingizi kwa furaha. Nimempelekea fundi vinyago kipande cha mpera kikavu kutoka shambani kwetu, anichongee Kibo, mkungu wa ndizi na punje za kahawa. Ameniuliza, ule mfereji wa katikati ya punje nauchimba? Nikamwambia hapana kaka, uache uinuke kama uzi. Kesho asubuhi napita kukichukua.