Kadi Mfukoni, Kinga Hakuna

Shikamooni wakubwa zangu, vijana, hamjambo. Wengi mmeshanisikia kuhusu homa ya manjano, na leo mtanisikia tena, maana pesa za korosho zikiingia tu, safari zinaanza, na simu za "Mama, nisaidie kadi", ile ya kuonyesha mpakani kwamba umechanjwa homa hii, nimeshaanza kuzipokea.

Kijana mmoja alinijia jioni, tiketi ya basi mkononi. Kesho alfajiri anaondoka kwenda Tunduma, avuke Zambia, afike Lubumbashi, Kongo. "Mama, nichome, halafu niandikie tarehe ya wiki mbili nyuma." Nikamwambia, mwanangu, kuchoma nitakuchoma, lakini tarehe ni ya leo. Kadi inaanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya sindano, kwa sababu mwili unazihitaji siku hizo kujenga kinga. Akaona namchelewesha. Akaondoka bila sindano, kadi akaipata kwingine, muhuri na sahihi vimo. Alirudi salama, Alhamdulillah, akaja kunionyesha kwamba mpakani amepita bila kuulizwa neno.

Nikamuuliza, sasa sindano utachoma lini? Akashangaa: ya nini tena, na kadi ninayo?

Hapo ndipo roho inaponiuma. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kadi hii ni ya maisha. Zamani ilikuwa ya miaka 10, na hata aliyeinunua siku ilifika akatakiwa kurudi, pengine akachanjwa kweli. Sasa mwenye kadi ya kununua hana siku ya kurudi. Atakwenda Kongo mara ishirini, mwili mtupu, na kila afisa atamwambia pita.

Mtaniambia, sisi Mtwara ugonjwa huo hatuna, kelele za nini? Ni kweli, hatuna. Mbu wake tunaye! Chikungunya ni neno la wapi? La Kimakonde. Ugonjwa ule ulitambuliwa mara ya kwanza duniani hapo juu, uwanda wa Makonde, mwaka 1952 na 1953. Watu walikunjika kwa maumivu ya viungo, na dunia nzima ikachukua neno letu. Kule juu maji ni ya shida tangu enzi za bibi zetu, kila nyumba ina chombo cha kuyawekea, na mbu aitwaye Aedes hutaga humo humo kwenye maji yaliyotulia, tena huuma mchana. Huyo huyo ndiye anayeeneza homa ya manjano mijini. Anayerudi na virusi damuni anawaletea wanawe, jirani zake, soko zima.

Na usiseme ni mbali. Mwaka 2016 mlipuko wa Angola uliingia Kongo, na wafanyakazi 11 wakaupeleka mpaka China, huko Asia, bara ambalo halikuwahi kuthibitisha mgonjwa hata mmoja. Dawa ya kuviua virusi hivi haipo. Wanaofikia hatua ya kutapika damu na macho kuwa njano, karibu nusu hufa.

Naonyeshwa saa. Haraka basi: wajawazito, wanaonyonyesha, waliotimiza miaka 60, wenye mzio mkali wa mayai na wenye kinga dhaifu, semeni kabla ya kuchomwa. Mtoto wa chini ya miezi 9 usimlete. La matangi yasiyofunikwa nitalisema siku nyingine. Wenye safari ndani ya mwezi huu wabaki hapa mbele, tuhesabu siku pamoja.