Nguvu ya Mota na Utiifu wa Baiskeli: Mhadhara kuhusu Baiskeli za Umeme za Milimani

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, kaka na dada waendesha baiskeli, na ninyi mafundi mliofunga karakana mapema ili mfike hapa: nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi kwa mada mliyoichagua, kwa sababu inagusa uamuzi ambao wengi wenu mko mbioni kuufanya kwa fedha zenu wenyewe.

Anayetaka kununua baiskeli ya umeme ya milimani huanza kwa kuuliza mota yake ina nguvu kiasi gani. Swali hilo ni halali, lakini nimekuja kuwaambia kwamba linastahili kuulizwa mara moja tu, likajibiwa, kisha likaachwa. Nguvu ina kiwango cha kutosha. Kikishafikiwa, kila wati na kila gramu inayoongezwa inapaswa kupimwa kwa swali jingine: je, baiskeli hii inamtii mwendeshaji wake pale njia inapokuwa nyembamba, yenye mawe, mizizi na mchanga?

Tuanze na namba zinazoandikwa kwenye matangazo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli inayosaidia pedeli inaruhusiwa kuwa na mota ya wati 250, na msaada hukatika ikifika kilomita 25 kwa saa. Marekani, majimbo mengi yanaruhusu wati 750, na msaada hukatika kwenye kilomita 32 au 45 kwa saa kutegemea daraja la baiskeli. Lakini wati 250 hizo za Ulaya ni nguvu ambayo mota inaweza kuitoa mfululizo bila kuchemka kupita kiasi. Kwa muda mfupi, mota hiyohiyo yaweza kutoa wati 600 au zaidi. Ndiyo maana wauzaji hupenda kutaja nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa nyutoni mita: mota nyingi kubwa zilizojulikana kwa miaka kadhaa, kama ya Bosch iliyotoka mwaka 2019 na ya Shimano iliyofuata mwaka 2020, zilifikia 85. Mwaka 2024 kampuni ya DJI, iliyojulikana kwa ndege zisizo na rubani, ikaleta mota yake ya Avinox yenye nyutoni mita 105 na wati 1,000 za kilele, nayo ina uzito wa kilo 2.5 hivi. Tangu hapo mashindano ya namba yamepamba moto.

Naomba tuzipeleke namba hizi mlimani, tuone zinafanya nini. Chukueni mwendeshaji wa kilo 80 pamoja na mkoba wake, juu ya baiskeli ya kilo 25. Jumla ni kilo 105, yaani uzito wa nyutoni 1,030 (nyutoni ni kipimo cha nguvu ya kusukuma au kuvuta). Kwenye mwinuko wa asilimia 15, yaani mita 15 za kupanda kwa kila mita 100 za kwenda mbele, ambao kwa miguu yenu ninyi mnaujua ni mkali, nguvu inayohitajika kuwasukuma juu, pamoja na ukinzani wa matairi kwenye udongo, ni nyutoni 180 hivi. Sasa mpeni mtu huyo mota ya nyutoni mita 85, sproketi ya mbele yenye meno 34 na kubwa ya nyuma yenye meno 51. Nguvu ya kuzungusha inaongezeka mara moja na nusu kabla ya kufika kwenye gurudumu la inchi 29, na pale tairi linapogusa ardhi tunapata nyutoni 345 kutoka kwenye mota pekee. Ongezeni miguu ya mwendeshaji anayetoa wati 150 kwa utulivu, na jumla inapita nyutoni 420. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya mahitaji.

Je, tairi la nyuma linaweza kuipokea nguvu yote hiyo? Tukichukulia kwamba robo tatu ya uzito imelalia gurudumu la nyuma, kama inavyokuwa kwenye mwinuko, na kwamba mgawo wa msuguano kati ya tairi na changarawe iliyolegea ni 0.5, yaani tairi hushika kwa nusu ya uzito unaolilalia, tairi litashika hadi nyutoni 385 na si zaidi. Likisukumwa kupita hapo linachimba shimo na kuzunguka papo hapo. Kwa hiyo mota ya nyutoni mita 85 ikijumlishwa na miguu, katika giya nyepesi kabisa, tayari ina uwezo wa kulishinda tairi. Ile ya 105, pamoja na miguu ileile, inafikisha zaidi ya nyutoni 500, na nyongeza yote hiyo, katika ardhi ya namna hiyo, haina pa kushika. Mchanga wa Kigamboni utawaonyesha jambo hili katika dakika tano.

Sitaki nionekane nainyima nguvu haki yake. Mota yenye wati nyingi humpandisha mtu kwa kasi zaidi: kwenye mwinuko uleule wa asilimia 15, mota inayotoa wati 300 pamoja na miguu yetu itatupeleka kilomita 9 kwa saa, na inayotoa wati 600 itatupeleka 15. Mtu mwenye mwili mzito, au anayebeba mizigo ya kambi kwenda siku kadhaa, anahitaji akiba hiyo, na mtu mwenye goti bovu anaihitaji kuliko wote. Ninachokataa ni dhana kwamba aliye na namba kubwa ana baiskeli bora. Kupanda kwa kilomita 15 kwa saa katika njia yenye upana wa nusu mita, yenye kona kali kila baada ya hatua ishirini, kunadai uongozi mzuri wa baiskeli kuliko kupanda kwa kilomita 9.

Na uongozi huo unaanzia ndani ya mota yenyewe, jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi kabisa. Tangu Yamaha walipoleta sokoni baiskeli yao ya kusaidiwa pedeli mwaka 1993, wazo la msingi limekuwa kipimo kinachohisi mguu unakanyaga kwa nguvu kiasi gani, na mota ikaongeza kwa uwiano. Baiskeli nyingi za bei nafuu hazina kipimo hicho. Zina kihisio kinachotambua tu kwamba pedeli zinazunguka. Ukigusa pedeli ili ujisawazishe kwenye kona, mota inatoka na nguvu yake yote, na wewe na usukani wako mnaelekea kichakani. Kwenye barabara ya lami kasoro hiyo inavumilika. Milimani ni hatari, na ningependa mafundi mliopo hapa mwe wa kwanza kuwaambia wateja wenu hivyo kabla hawajalipa.

Mota nzuri hutoa nguvu kwa kupanda polepole, huacha kusukuma mara mguu unapolegea, na huendelea kidogo tu pale inapohitajika ili gurudumu lipande juu ya jiwe wakati pedeli imesimama. Bosch walianzisha mwaka 2017 hali ya kuendesha ambayo hupandisha na kushusha msaada yenyewe kufuatana na mkanyago, na kwa maoni yangu mabadiliko hayo ya programu yaliwasaidia waendeshaji wa milimani kuliko nyongeza nyingi za nyutoni mita zilizofuata. Programu ni sehemu ya utiifu wa baiskeli kama zilivyo shokapu na breki.

Tuje kwenye uzito, na hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu wengi huulaumu mahali usipostahili. Baiskeli ya milimani isiyo na umeme, yenye shokapu mbele na nyuma, huwa na kilo 13 hadi 15. Ya umeme yenye mota kubwa na betri kubwa huwa kati ya 22 na 26. Katikati yake kuna kundi la baiskeli nyepesi, za kilo 16 hadi 19, zenye mota za nyutoni mita 35 hadi 60. Watengenezaji wa baiskeli Specialized walilisukuma mbele kundi hilo kwa baiskeli yao ya Levo SL ya mwaka 2020, na mota ndogo ya kampuni ya TQ yenye nyutoni mita 50 ina uzito usiofika kilo 2.

Watu husema uzito unakula betri. Tupige hesabu ya safari ambayo baadhi yenu mmeifanya: kutoka Mombo kupanda Lushoto, takriban mita 1,000 za kupanda. Kuinua kilo 105 kwa kimo hicho kunahitaji wati-saa 286 (wati-saa ni wati moja ikitumika kwa saa moja), bila kuhesabu msuguano wa matairi na hewa. Kuinua kilo 8 za ziada, ambazo ndizo tofauti ya baiskeli nzito na nyepesi, kunahitaji wati-saa 22 tu, na betri ya siku hizi ina 500 hadi 800. Mkiwa na mota, basi, kilo hizo nane karibu hamzioni wakati wa kupanda.

Mnaziona mahali pengine. Mnaziona mnapotaka kunyanyua gurudumu la mbele kuvuka mti ulioanguka katika njia za msitu wa Pugu, mnapobadili upande haraka kati ya mawe mawili, mnapofunga breki kwenye mteremko mrefu wa udongo mwekundu wa Usambara uliolowa, na betri inapokwisha. Baiskeli ya milimani huongozwa kwa mwili, na kinachoamua ni uwiano wa uzito wake na uzito wa anayeipanda. Kwa mtu wa kilo 80, baiskeli ya kilo 25 ni chini kidogo ya theluthi ya mwili wake. Kwa mtu wa kilo 55 ni karibu nusu. Hii ndiyo sababu naona si haki kuwauzia dada zetu na vijana baiskeli zilezile nzito zilizobuniwa kwa wanaume wakubwa, kisha wakishindwa kuzigeuza tukasema hawajui kuendesha. Mtu wa kilo 55 anahitaji msukumo mdogo kupanda mlima uleule. Mota ya nyutoni mita 50, kwa giya zile nilizozitaja, itampandisha mwinuko wa asilimia 25 bila wasiwasi, na baiskeli itabaki mikononi mwake.

Uzito haukosi fadhila. Ukikaa chini na katikati, yaani mota kwenye pedeli na betri ndani ya bomba la chini la fremu, huituliza baiskeli kwenye kasi, na shokapu hufanya kazi vizuri zaidi kwa sababu sehemu iliyobebwa na springi imekuwa nzito ikilinganishwa na magurudumu. Wapo waendeshaji hodari wanaopendelea kushuka mawe wakiwa na baiskeli nzito kwa sababu hiyo. Lakini uzito huohuo ukiwekwa kwenye habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, fadhila inageuka: gurudumu zito hurukaruka juu ya mawe na tairi huachana na ardhi. Mota ya habu pia haitumii giya za baiskeli, hivyo kwenye mwinuko mkali inazunguka taratibu, inakula umeme mwingi, na inachemka. Aliyewahi kuendesha bodaboda yenye gunia la mahindi limefungwa nyuma kabisa anajua usukani unavyokuwa mwepesi wa kutisha. Habu nzito ni ndugu wa gunia hilo.

Kuhusu joto, nalitaja kwa kifupi kwa ajili ya hapa kwetu. Mota ikipata joto hupunguza nguvu yenyewe ili isiungue, na namba ya kilele iliyoandikwa kwenye kasha inakuwa haipo tena. Badili giya mapema na zungusha pedeli kwa wepesi. Mota hufanya kazi vibaya zaidi inapolazimishwa kusukuma kwa mzunguko wa polepole. Betri nayo msiichaji mara mtokapo juani. Na anayefikiri ataipitisha betri kwenye ndege ya abiria, afahamu kwamba ukomo wa kawaida ni wati-saa 160, kwa hiyo betri ya baiskeli hizi haipandi. Inakuja kwa meli au kwa ndege ya mizigo, na kuibadilisha si jambo la wiki moja.

Nguvu kubwa inadai betri kubwa, na hapo ndipo deni la kweli lilipo. Wati 1,000 zikitumika mfululizo humaliza betri ya wati-saa 800 kwa dakika 48. Mota zinazidi kuwa nyepesi kila mwaka, lakini betri ya ukubwa huo bado ni takriban kilo 4.

Hata kwenye mashindano, namba ya mota siyo iliyoamua. Mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za umeme za milimani yalifanyika mwaka 2019 huko Mont-Sainte-Anne, Kanada, na mshindi upande wa wanaume alikuwa Alan Hatherly wa Afrika Kusini. Wote walishindana chini ya ukomo mmoja wa wati 250 na kilomita 25 kwa saa, kwa hiyo mota haikuwa na wa kumpendelea.

Basi mkienda kujaribu baiskeli, msiijaribu kwenye lami mbele ya duka. Mwombeni mwenye duka mwende nayo Pugu au mahali penye mwinuko wa changarawe. Pandeni hadi katikati ya mwinuko, simameni kabisa, kisha anzeni tena mkiwa mmekaa kwenye siti: gurudumu la mbele likinyanyuka au la nyuma likizunguka bure, mmeshajua programu yake na urari wake ulivyo. Pandeni kona kali mkikanyaga kidogo na kuacha, msikilize kama mota inaacha nanyi. Shukeni, mkibana breki katika kasi ndogo na kubwa; kwa baiskeli ya kilo 25 tafuteni diski za milimita 200 au zaidi. Mwishowe zimeni mota, mwendeshe kilomita moja ya tambarare kwa miguu yenu, kisha muinyanyue baiskeli juu ya gogo mkiwa peke yenu, bila fundi wala rafiki kuwasaidia. Fanyeni hayo kwa baiskeli mbili, moja nzito na moja nyepesi, siku ileile na matairi yenye upepo sawa, na baada ya hapo ndipo muulize bei.