Maneno ya Kuyasikia Kwanza Mawimbini

Wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana mliobeba mbao kwa mara ya kwanza leo, hamjambo. Karibuni.

Nimeombwa niwafundishe lugha ya watelezaji wa mawimbi, na najua baadhi yenu mmekuja na madaftari mkitaka yale maneno ya kujigamba nayo. Nitayafikia. Kwanza nataka yale ambayo nyinyi hamtayasema. Mtayasikia yakipigwa kelele na mtu mwingine, na mtakuwa na sekunde chache tu za kuelewa.

La kwanza ni “autsaidi!” Siku yangu ya tatu majini, hapa hapa ghuba ya Malindi, mwezi wa Julai na kusi imekaza, mtu aliyekuwa nyuma yangu alipaza sauti hivyo. Kiingereza changu cha shule kiliniambia ni “nje”, nikadhani naamriwa nitoke. Nikageuza ubao kuelekea pwani. Kumbe maana yake ni kinyume: mawimbi makubwa yanakuja kutoka kilindini, vuta maji kwa mikono yako uyaendee kabla hayajavunjika. Yalinikuta nimeyapa mgongo. Ubao ulinipiga kichwani, nikashonwa nyuzi sita juu ya sikio. Ndiyo maana neno hili naliweka mbele ya yote.

Mawimbi hayo huja kwa makundi, na kundi moja huitwa “seti”. Mawimbi bora ya kuteleza huzaliwa na dhoruba ya mbali, pengine maelfu ya kilomita, na katika safari hiyo hujipanga. Yetu ya kusi huumukia karibu, kwa hiyo hayana mpangilio mzuri hivyo, lakini makundi bado yapo. Kati ya seti na seti bahari hutulia dakika kadhaa. Mgeni hufika wakati wa utulivu huo, akaingia akidhani bahari ya leo ndivyo ilivyo. Kaeni mchangani robo saa mkiitazama kabla ya kulowesha mguu.

La pili ni “kudropu-ini”, nami naliita kudandia wimbi la mwenzako. Mwenye haki ni yule aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika. Ukiinuka mbele yake umemkatia njia, na chini ya ubao wako kuna mapezi makali. Ndiyo sababu utasikia mtu akitangaza “kushoto!” au “kulia!” Hesabu ya upande ni ya mtelezaji anayeelekea pwani, aliyesimama ufukweni akitazama bahari huona kinyume. Jizoezeni kubadilisha upande huo kichwani.

La tatu ni “ripu”, na hapa watu wa pwani tuna elimu ya kutosha nyumbani. Maji yanayosukumwa ufukweni na mawimbi lazima yarudi, na hurudia pale penye kina. Wavuvi wetu wanajua mkondo unavyovuta kwenye mlango wa mwamba maji yakipwa, hasa siku za bamvua. Ripu ni ndugu wa mkondo huo. Hatari yake ni kwamba kwa macho huonekana pametulia: kulia mawimbi yanavunjika, kushoto yanavunjika, katikati shwari. Mgeni huchagua katikati. Ukishikwa, usishindane nao. Shikilia ubao, elea, kisha ogelea ukifuata urefu wa ufuo mpaka utoke. Mabingwa huutumia mkondo huo huo kufika kilindini bila kuchoka, lakini wewe bado.

Mkisikia “ofshoo”, huo ni upepo unaotoka bara. Wazee wanauita umande, ule wa alfajiri. Hulikabili wimbi usoni, likasimama muda mrefu zaidi na kuwa laini. Upepo wa baharini wa mchana hulisukuma kwa nyuma likaanguka ovyo. Amkeni mapema basi.

Jambo jingine la vipimo. Mtu wa Hawaii akikwambia wimbi la futi 4, usidhani litakufika kifuani. Wengi kule wana desturi ya kulipima wimbi kwa mgongo wake, upande wa baharini, na uso wake unaotelezwa waweza kufika futi 8.

Hawaii ndiko mchezo huu ulikolelewa, na huko unaitwa heʻe nalu. Nalu ni wimbi. Heʻe ni kuteleza, na neno hilo hilo ni jina la pweza. Mimi nalipenda sana jina hilo, kwani aliyewahi kumshika pweza mkononi analielewa mara moja. Huko ndiko ilikotoka pia ishara ya kidole gumba na cha mwisho, vingine vimekunjwa. Inasimuliwa kwamba ilianza na Hamana Kalili wa Laie, aliyepoteza vidole vitatu vya kati katika kiwanda cha sukari. Ishara hiyo inaitwa shaka. Kwetu shaka ni wasiwasi. Kwao ni salamu ya kwamba mambo ni shwari. Ukiambiwa shaka majini, tulia.

“Gufi” ni anayetanguliza mguu wa kulia, si tusi. “Kuuki” ni tusi kweli, huitwa hivyo asiyejua na asiyejali. Sipendi kulisikia likirushiwa mwanafunzi, maana kutojua si kosa. Lakini anayeuachia ubao wake uruke juu ya watoto wanaoogelea, huyo limemfaa, hata kama ameteleza miaka 20.

Maji yameanza kujaa. Acheni madaftari hapa kwenye mkeka, chukueni mbao twende tukakae mchangani. Nataka kila mmoja anihesabie mawimbi ya seti tatu, kisha anionyeshe kwa kidole ripu iko wapi.