Kurekebisha Toni ya Amplifaya ya Valvu Uliyoijenga Mwenyewe

Mhadhara kwa mafundi na wapiga gitaa, Arusha

Mabibi na mabwana, ndugu mafundi, na ninyi wapiga gitaa mliotoka Tengeru, Usa River na hata Moshi ili tukutane hapa, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie jambo moja: mtu amekwisha kujenga amplifaya yake ya valvu, yaani inayokuza sauti kwa mirija ya kioo badala ya transista, inawaka na inatoa sauti, lakini sauti hiyo haimridhishi, naye hajui aanzie wapi. Nitasema tangu mwanzo ninaloamini baada ya miaka mingi mezani. Kasoro kubwa ya amplifaya nyingi tunazojenga wenyewe ni besi iliyoachwa ipite hadi kwenye valvu isiyoweza kuibeba, na dawa yake hupatikana kwa kupunguza mapema, mwanzoni kabisa mwa njia ya sauti.

Amplifaya iliyo mbele yenu imefuata mpango wa Fender Champ ya miaka ya 1950, ambao wengi wenu mnaufahamu: valvu moja ya 12AX7 yenye triodi mbili (sehemu mbili za kukuza sauti), 6V6 moja ya kutoa nguvu, 5Y3 ya kugeuza umeme, na spika ya inchi 8. Nguvu yake ni wati 5 hivi.

Kabla ya kugusa toni, pimeni umeme. Nawasihi sana katika hili, kwa sababu nimeona vijana wakibadilisha kapasita, vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme na kupitisha sauti za juu kwa urahisi kuliko za chini, usiku kucha ilhali tatizo lilikuwa ukutani. Umeme wetu unapaswa kuwa volti 230, lakini jioni, watu wanapopika na kupiga pasi, katika mitaa mingine unaweza kushuka hadi 200. Ukishuka hivyo, volti 6.3 za kuwashia nyuzi za valvu zinakuwa takriban 5.5, yaani upungufu unaozidi asilimia 10 ambazo watengenezaji wa valvu huruhusu. Kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni) inapoa, sauti inalegea na kufifia, nawe unadhani rezista (kizuizi cha mkondo) imeharibika. Rekebisheni toni saa ambazo umeme umetulia, na muandike volti mlizopima kando ya kila badiliko mnalofanya.

Pimeni pia 6V6 inavyofanya kazi. Ikiwa rezista ya kathodi ni omu 470 na mita inasoma volti 18.8, mkondo unaopita ni miliampea 40. Ondoeni miliampea 3 hivi za skrini (sehemu nyingine ya valvu), zidisheni zinazobaki kwa volti 300 zilizopo kati ya anodi (inayopokea elektroni) na kathodi, mtapata wati 11 na kidogo. Kikomo cha anodi ya 6V6GT ni wati 12, basi hapo mko salama. Ikizidi, ongezeni omu za rezista hiyo kwanza, kwani valvu iliyochoka haiwezi kumpa mtu toni ya kutegemea.

Na usalama, ndugu zangu. Ndani ya chesisi (fremu ya chuma) hii mna zaidi ya volti 300, na kapasita za kuchuja hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Zimwagieni umeme wake kupitia rezista ya omu 10,000 ya wati 5, kisha mpime kwa mita mpaka iwe karibu na sifuri, ndipo mkono uingie. Sitaki kusikia kwamba mtu aliyeketi hapa leo aliumia kwa sababu ya haraka.

Sasa nirudi kwenye besi. Amplifaya yangu ya kwanza niliijenga Sakina, na nilipoipiga peke yangu chumbani niliona fahari kwa jinsi uzi mnene ulivyotetemesha dirisha. Nilipoipeleka harusini, pamoja na gitaa la besi na ngoma, gitaa langu halikusikika. Nilipoongeza voliumu likawa mngurumo mzito ulioziba, noti moja haitambulikani na nyingine. Niliilaumu spika, nikanunua nyingine kwa fedha ambazo sikuwa nazo, na mngurumo ukabaki uleule. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba spika haikuwa na hatia.

Sababu yake ni hii. Mawimbi ya sauti za chini ndiyo makubwa kuliko yote yanayotoka kwenye gitaa. Yanapofika kwenye 6V6 yanatumia karibu nafasi yote ambayo valvu inayo, na sauti za juu, ambazo husafiri zikiwa zimepanda juu ya mawimbi hayo, zinakatwa pamoja nayo valvu inapofika mwisho wa uwezo wake. Ukipunguza besi baada ya hapo, kwa mfano kwenye spika, umechelewa, maana zile za juu zimekwisha kukatwa. Ukiipunguza kabla, valvu inapata nafasi ya kuzipitisha.

Mahali pa kwanza pa kupunguzia ni kapasita ya kathodi ya triodi ya kwanza. Rezista yake ni omu 1,500, na kapasita ambayo wengi huweka ni mikrofaradi 25, ambayo huruhusu gitaa lote liongezwe kwa ukamilifu, takriban mara 60. Mkiiondoa kabisa, nyongeza inashuka hadi takriban mara 30 kwa sauti zote. Katikati ya hayo mawili ndipo penye utamu: wekeni mikrofaradi 0.68, nanyi mtaona kwamba sauti zilizo chini kabisa ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 150 zinapata karibu nusu tu ya nyongeza, zilizo juu sana ya 300 zinapata karibu yote, na baina yake mabadiliko ni ya taratibu, hayasikiki kama ukingo. Kwa sikio langu, hili ndilo badiliko lenye thamani kubwa kuliko yote kwa kapasita moja ya bei ndogo.

Mahali pa pili ni kapasita inayopeleka sauti kutoka anodi ya kwanza hadi kwenye voliumu ya omu milioni 1. Ikiwa ni mikrofaradi 0.022, ukataji wake wa besi unaanzia karibu hezi 7, ambako gitaa halina chochote cha kusema, kwa kuwa uzi wake mnene kabisa ukiwa wazi ni hezi 82. Mikrofaradi 0.0022 inapandisha ukataji hadi hezi 72. Wengine hushuka hadi 0.001, na hapo ukataji unakuwa karibu hezi 160. Mimi naona gitaa linakonda mno, ila kwa gitaa lenye pikapu (vinasa sauti vya gitaa) nzito za koili mbili linaweza kufaa.

Nawaombeni mkumbuke muziki wetu mnapoamua. Katika bendi ya dansi, gitaa la solo, gitaa la pili na besi huzungumza kwa zamu na kwa kupokezana, na besi inashuka hadi hezi 41. Gitaa la pili likijaza eneo hilo, wote watatu wanapotea. Mji huu unaijua sauti hiyo vizuri: wanamuziki ndugu, akina Kinyonga, walipotoka Tanga walipiga hapa na Arusha Jazz, kabla ya kwenda Nairobi na kuanzisha bendi ya Simba Wanyika mwaka 1971. Sikilizeni rekodi zao mjionee jinsi gitaa la pili lilivyo jembamba likiwa peke yake, na jinsi linavyokaa mahali pake wote wanapoingia.

Mengine nitayapitia upesi. Kapasita ya pikofaradi 120 juu ya voliumu inang'arisha sauti voliumu ikiwa chini, na athari yake hupungua kadiri unavyoiongeza mpaka mwisho. Rezista ya omu 22,000 inayorudisha sehemu ya sauti kutoka kwenye transfoma ya spika hadi kathodi ya triodi ya pili huifanya sauti iwe safi na tulivu. Mkiongeza omu zake sauti inakuwa kali na yenye mkwaruzo zaidi, na ikiwa amplifaya inapiga mluzi mara tu mnapoiunganisha, geuzeni nyaya mbili za upande wa spika wa transfoma hiyo. Mvumo wa hezi 50 kwa kawaida hutokana na nyaya za kuwashia valvu, ambazo lazima zisokotwe. Ule wa hezi 100 hutokana na uchujaji hafifu wa umeme. Boksi la mbao za msonobari lililo wazi nyuma linatosha kwa spika ya inchi 8. Na kamwe msiiwashe amplifaya bila spika, kwa kuwa transfoma inaweza kuungua.

Badilisheni kitu kimoja, kisha mpige wimbo uleule, kwa gitaa lilelile, na ikiwezekana pamoja na mpiga besi. Chumba kitupu kitawadanganya kama kilivyonidanganya mimi.

Nimefunga swichi hapa nyuma ya chesisi. Ikiwa juu, kathodi ya kwanza inatumia mikrofaradi 25. Ikiwa chini, inatumia 0.68. Ndugu yetu wa besi ameshakaa tayari. Tutapiga mara mbili bila kuwaambia swichi iko upande gani, nanyi mtainua mkono pale mtakaposikia kila noti ya gitaa.