Toa Picha Kwanza, Video Baadaye

Karibuni, ndugu zangu. Leo sizungumzii kuchora, maana kazi za vijana wa hapa Mwanza nimeziona na zinanipa moyo sana. Nazungumzia hatua inayoziharibu: pale animesheni inapotolewa kwenye kompyuta iwe video.

Wengi mnaiagiza Blender, ile programu ya kutengenezea animesheni, itoe faili la video la MP4 moja kwa moja. Acheni. Toeni kila fremu kama picha ya PNG, ambayo hubanwa bila kupoteza chochote, kisha muibane video mara moja tu, kazi ikishakamilika. Kwa fremu 25 kwa sekunde, dakika moja ni picha 1,500. Umeme ukikatika kwenye picha ya 900, zile 899 ziko salama, unaendelea ulipoishia. MP4 ya kawaida huandikiwa faharasa yake, yaani orodha ya kila fremu ilipo ndani ya faili, mwishoni kabisa. Ikikatizwa katikati, mara nyingi haifunguki tena.

Sasa tazameni hapa ukutani. Hili ni Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani hapa Mwanza, jioni, jua linazama ziwani. Kwenye PNG anga ni laini. Kwenye video hii limekatika mistari, rangi ya chungwa inashuka ngazi kwa ngazi. Video ya kawaida ina viwango 256 tu kwa kila rangi, na ubanaji hufuta kwanza tofauti ndogondogo, zilezile zinazolainisha anga. Nyunyizeni chengachenga hafifu za rangi kwenye picha kabla ya kubana. Blender ina sehemu yake ya kuziongeza wakati wa kutoa picha. Jicho halizioni, ila mistari inapotea.

Halafu maji. H.264, mbinu ya kubana video inayotumika sana, hulinganisha fremu na fremu, ikaandika zaidi kile kilichobadilika. Jiwe limetulia, halili data. Mawimbi hayatulii, kwa hiyo ukilazimisha faili liwe dogo, ziwa zima linageuka viraka vya mraba. Ndiyo maana nawasihi mtumie FFmpeg, programu ya kubana video, kwa kipimo cha ubora kiitwacho CRF badala ya kupanga ukubwa wa faili. Kwa H.264 ya kawaida kinaanzia 0 hadi 51, chaguo-msingi ni 23, na namba ikishuka ubora unapanda. Kazi ya mteja naiweka 18. Yenye ziwa, hata 16.

Mteja akitaka nakala kwa WhatsApp, mtumieni kama dokumenti, maana ikienda kama video inabanwa upya. Na zile PNG msizifute: mwakani akihitaji nakala ya skrini kubwa, mtaibana kutoka hukohuko kwenye picha safi.