Jodari wa Bibi

(Mazungumzo na wazazi na wanafunzi wa kidato cha nne, Sahare, Tanga)

Assalaam alaykum. Shikamooni wazazi wangu. Wadogo zangu, hamjambo?

Mwalimu ameniomba nizungumzie ufadhili na maisha ya chuo. Nitazungumza, ila sina budi kuanza na bibi yangu, huyu aliyekaa mbele hapa, ambaye wengi wenu mmekula samaki wake. Mimi nimelelewa kwa karai lake. Jioni bei ikishuka, bibi alikwenda mwaloni kununua jodari waliobaki, walioshinda juani. Mara mojamoja wateja walirudi wakilalamika: uso umewaiva, mwili unawasha, kichwa kinagonga. Bibi alikula yamini kwamba samaki amemkaanga mpaka akakauka. Na kweli alimkaanga. Watu wakasema ana mkono mbaya. Neno hilo lilimliza usiku, nami nikiwa nimelala naye kitanda kimoja.

Nilipomaliza shule nilichaguliwa chuo cha uvuvi Mbegani, kule Bagamoyo, kusomea usindikaji wa samaki na uthibiti wa ubora. Barua ya chuo ilikaa chini ya godoro wiki tatu. Ada iliyoandikwa mle ndani hakuna aliyethubutu kuitamka mbele ya bibi. Ndipo mzee mmoja mzaliwa wa hapa hapa Tanga akasikia, akaomba namba ya malipo, basi. Alilipa ada, malazi, hata gambuti na koti jeupe la maabara. Amenikataza kumtaja, na mimi namtii. Nikiomba dua ndipo ninapolitaja jina lake lote, pamoja na la baba yake.

Bwenini nililala na binti wa Mwanza na binti wa Kigoma. Mmoja akisifia sangara, mwingine migebuka, mimi nikawaringia changu wa Tanga. Waliniuliza habari za baruti, na nilijibu kwa uchungu, maana samaki aliyeuawa kwa baruti tuliwahi kupasuliwa darasani: mifupa imevunjika, tumboni damu tupu. Nikawaambia vilevile kwamba bahari yetu ina silikanti, samaki ambaye wataalamu waliwahi kudhani ametoweka duniani tangu zama za kale, na kwamba tangu 2009 ana hifadhi yake hapa Tanga. Walinyamaza wakasikiliza.

Kuna jambo linanikaa moyoni. Darasani tulikuwa na kijana aliyenishinda kila somo. Muhula wa pili hakurudi, ada ilimkwama. Mimi nilibaki kwa sababu kuna mtu alilipa, si kwa sababu nilikuwa na akili kuliko yeye. Wazazi wangu, kila nilipofungua daftari nililikumbuka hilo.

Sasa niwaeleze siku moja tu. Mwalimu aliweka jodari wawili mezani, wamevuliwa asubuhi moja. Mmoja alilazwa kwenye barafu, mwingine aliachwa kwenye beseni mpaka alasiri. Akatuambia tubonyeze kwa kidole gumba. Wa barafu nyama ilirudi palepale. Wa beseni lilibaki shimo la kidole. Tukafunua mashavu: huku mekundu, kule rangi ya udongo. Kisha akasema jodari akikaa na joto, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama yake kitu kinaitwa histamini, na kikishaingia hakitoki kwa kukaanga, wala kwa kuchemsha, wala kwa kugandisha. Anayemla anaiva uso, anawashwa, kichwa kinamgonga.

Nilitoka nje nikalia. Miaka yote ile bibi hakuwa na mkono mbaya. Alikosa barafu.

Bibi, nakwambia mbele ya watu hawa wote: hukuwa na kosa.

Dawa yake ni barafu tangu samaki anapotoka majini, kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, iliyopondwa, ipangwe tabaka kwa tabaka, na maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea, samaki asielee ndani yake. Ndiyo maana nawaomba manahodha mbebe barafu mnapokwenda, msingoje kurudi.

Nilimpigia mfadhili wangu nikamuuliza nimlipe nini. Akacheka, akasema, "Wewe rudi nyumbani." Nimerudi. Pale mwaloni, chini ya mkungu, nimelaza chali friji bovu nililonunua kwa fundi, nimelitoboa chini maji yatoke. Jumamosi alfajiri litakuwa limejaa barafu, kwa gharama yangu. Kina mama wa karai njooni na madeli yenu kabla jua halijapanda. Na ninyi wadogo zangu mnaotaka kujua fomu za chuo zinajazwaje, nikuteni hapo hapo. Nitakuwepo mpaka saa nne.