Mlipeni wa Mwisho

(Mhadhara uliotolewa Des Moines, Iowa, mbele ya mkusanyiko wa Waswahili wa mji huo)

Asanteni. Kaeni, kaeni. Walionisikia zamani wanajua nitasema nini, na naona wawili pale wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Nitalirudia: kwenye mbio za magari za viwanja vya udongo, mlipeni na anayemaliza wa mwisho. Nalirudia kwa sababu tangu mara ile hakuna kilichobadilika isipokuwa bei ya tairi, nayo haikushuka.

Mimi ni mtoto wa Nakuru. Nimekulia kando ya barabara ya vumbi nikingojea Safari Rally. Unakaa juani tangu alfajiri, gari linapita sekunde kumi, unabaki na mchanga mdomoni na hadithi ya mwaka mzima. Nilipohamia huku, mwenzangu wa kazini akanichukua Jumamosi moja hadi Knoxville ya hapa Iowa, mji wa watu wasiofika elfu kumi, nikadhani ananipeleka kuona ng'ombe, maana uwanja wenyewe wa mbio uko kwenye viwanja vya maonyesho ya kilimo. Kumbe! Kule gari halipiti likaenda zake. Linakurudia kila baada ya sekunde kumi na tano, kumi na sita, na wenzake ishirini na tatu, yote yakienda ubavuubavu kama kaa wa ufukweni. Udongo mweusi ulinipiga usoni mzunguko wa pili. Nikasema, hapa ni nyumbani.

Hilo ndilo gari la spirinti, na sitaeleza sana ni nini. Mgeni amuulize aliyekaa naye: halina stata, halina giaboksi, linasukumwa na pikapu hadi liwake, linakunywa methanoli, na juu ya kichwa cha dereva kuna bawa kubwa kama bati la kibanda. Basi. Twende kwenye pesa, ndiko ugonjwa uliko.

Kila Agosti mnajaa Knoxville kwa ajili ya Nationals. Sawa, hayo ni mashindano makubwa ya magari haya yaliyoanza 1961, na mshindi huondoka na zaidi ya dola 150,000. Dereva Steve Kinser aliyashinda mara 12. Mnapiga picha, mnatuma Goma na Bujumbura na Mombasa. Lakini mie siji hapa kuzungumzia Agosti. Agosti haina homa. Nazungumzia Jumamosi ya kawaida ya Mei au Juni, kule Knoxville na kwenye viwanja vidogo vya majimbo haya, ambako anayeendesha ni fundi bomba, au mkulima, au kijana wa duka la matairi. Huyo ndiye anayepungua.

Injini ya 410, yaani inchi 410 za ujazo, kama lita 6.7, ikiwa mpya inavuka dola 60,000. Injini! Chasisi bado, trela bado. Na haikai msimu mzima bila kufunguliwa. Ndiyo maana kuna daraja la injini ndogo zaidi, la 360, na chini yake 305, ili mwenye mfuko wa kawaida apate pa kuingilia. Hata hivyo...

Ngojeni niwaambie kisa cha bahasha. Najua mmekisikia. Vijana hawajakisikia.

Nilikuwa nasaidia timu moja ya 360. Nasema timu kwa heshima. Walikuwa baba ambaye ni fundi bomba, mwanawe ambaye ndiye dereva, shemeji mtu, na mimi, kazi yangu kukwangua tope. Uwanja siutaji. Tuliendesha zaidi ya saa mbili na trela nyuma. Kwenye mchujo kijana alianza vizuri, mbele yake gari moja likazunguka likageukia nyuma, kijana akalazimika kukanyaga breki, akaanguka hadi nafasi ya saba. Akapelekwa fainali ya pili, ya wale ambao hawakupita moja kwa moja. Huko alihitaji kuwa wa nne ili aingie fainali kubwa. Akamaliza wa tano, na tairi la nyuma la kulia, lile pana kuliko yote, limelika hadi nyuzi zinaonekana.

Karibu saa sita ya usiku baba akaenda dirishani kwenye foleni ya malipo. Akarudi na bahasha. Mimi nilikuwa nimepiga magoti na kikwangulio mkononi, nikamwona chini ya taa ya trela. Alitoa zile noti, akatoa na risiti ya lile tairi mfukoni, akaviweka kando kwa kando kwenye ukingo wa trela. Bahasha ilikuwa ndogo kuliko tairi. Tairi moja! Methanoli haijahesabiwa, dizeli haijahesabiwa, viingilio vya sisi wanne havijahesabiwa. Hakusema neno. Alichukua kalamu ya chokaa tuliyoandikia namba za matairi, akaandika tarehe juu ya bahasha, akafungua droo ya chini ya kisanduku cha spana na kuitumbukiza humo. Nikachungulia. Droo ilikuwa imejaa bahasha.

Msimu uliofuata gari lile lilikuwa kwenye tangazo. Injini iliuzwa peke yake.

Sasa mzee wangu pale nyuma anatikisa kichwa, na namjua, atasema: mbio ni mbio, apewe anayeshinda. Mzee, shikamoo, lakini hebu niulize. Ukipika pilau ya harusi ukampakulia bwana harusi peke yake, wageni wangapi watakaa hadi usiku? Nasema hivi: chukueni dola 500 kwenye zawadi ya wa kwanza, wagawieni kumi wa mwisho. Hamsini kila mmoja. Si kitu? Ni mafuta ya kurudi nyumbani. Wa kwanza hatazihisi. Ana wadhamini wameandikwa bawa zima hadi hakuna pa kuweka namba. Fundi bomba atazihisi, na Jumamosi ijayo atakuja.

"Lakini Larson ameleta pesa." Nilijua litakuja! Kyle Larson nampenda, ni bingwa wa NASCAR, zile mbio kubwa za magari za Marekani, anayerudi topeni kwa hiari yake. Yeye na shemeji yake Brad Sweet walianzisha mfululizo wa mbio za spirinti uitwao High Limit mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikawa ligi nzima ya kitaifa inayoshindana na World of Outlaws, ligi kongwe iliyokuwepo tangu 1978. Zawadi zimepanda, kweli. Zimepanda kwa nani? Kwa madereva wanaosafiri nchi nzima na malori. Hao wakija uwanja wa kijijini, mwenyeji anafanywa pambo. Wakiondoka, mtazamaji ameshatumia pesa zake za mwezi kwa kiingilio cha usiku mmoja. Sisemi wafukuzwe. Nasema wiki inayofuata nani anakuja?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Dakika tano? Tatu. Haya.

Ardhi. Knoxville ina bahati, uwanja ni wa chama cha maonyesho cha kaunti ya Marion, hakuna bwana mmoja wa kuamka asubuhi akauza. Viwanja vingine havikubahatika. Ascot Park kule California ilifungwa 1990. Manzanita ya Phoenix, 2009. Western Springs ya Auckland, iliyokuwa na mbio tangu 1929, mwaka 2025 ilibidi wahame. Nilitaka kuizungumzia Australia pia, kule Sydney, ambako serikali ilichukua kiwanja cha Parramatta kwa ajili ya treni lakini angalau ikawajengea kingine. Muda hakuna.

Kutazama kwenye simu: tazameni, lakini pesa ile haifiki kwenye droo ya spana, basi. Vijana wetu: kuna wanaosoma ufundi hapa, timu zinatafuta mikono, hawaulizi umetoka wapi, wanauliza kama unajua kushika jeki. Hilo lilikuwa somo zima, nimelikata.

Jumamosi hii kuna mbio. Gari langu lina nafasi nne, natoka hapa saa kumi jioni, na atakayetaka kukaa karibu na kona ya nne asivae kanzu nyeupe.